Kitambaa Chekundu Mlangoni Pangu

Mume wangu anakataa maziwa. Ndiyo kazi yake. Kila asubuhi anasimama kwenye mlango wa kituo cha kukusanyia maziwa, kavaa koti jeupe na gambuti, mkononi kashika laktomita, kile kipimo cha maziwa, na akinamama wa Mpuguso wanapanga foleni mbele yake na ndoo zao, wanyonge kama wanafunzi waliochelewa kuhesabu namba. Anachovya, anainua, anakodoa jicho. Yaliyoongezwa maji anayarudisha. Yaliyochacha anayarudisha. Na ya ng'ombe aliyetiwa dawa siku mbili tatu zilizopita, akipata fununu tu, anayarudisha kabla ndoo haijafunuliwa, tena kwa sauti ambayo wachuma chai upande wa pili wa barabara wanaisikia.

Nayasema haya mapema ili ijulikane niliolewa na mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa Singida, nililetwa Rungwe na barua ya ajira kufundisha baiolojia sekondari. Kwetu maziwa ni kitu cha kunywa. Huku nimekuta ni kitu cha kuhojiwa.

Aliyewahi kuaibishwa kuliko wote pale kituoni ni mama yake mzazi. Nilikuwa na mimba ya miezi minane wakati huo. Ng'ombe wake alipata ugonjwa wa kiwele, bwana mifugo akaja, akamsukumia dawa kwenye chuchu kwa tyubu, akaagiza maziwa yamwagwe mpaka zipite siku nne baada ya dawa ya mwisho. Akaagiza pia ng'ombe afungwe kitambaa chekundu kwenye pembe, ili yeyote atakayekwenda kukamua akumbuke. Mama mkwe akachana kipande cha kanga kuukuu, akakifunga. Siku ya pili akabeba ndoo kwenda kituoni, nadhani kwa imani kwamba anayepima alitoka tumboni mwake. Mwanawe akamwambia mbele ya foleni nzima, "Sheria ni sheria, mama." Mama akabeba ndoo yake imejaa, akarudi nayo nyumbani kwa njia ile ile ndefu, akisalimiwa na kila mtu.

Tangu siku ile hakuzungumza na mwanawe moja kwa moja. Wakitaka kuambiana kitu wananipitishia mimi, na mimi na tumbo langu tukawa simu yao.

Ninachotaka kusimulia ni wiki moja tu, mwanangu alipokuwa na wiki sita. Lakini kwanza niungame jambo linalonifanya nione haya zaidi. Somo ninalokwenda kulieleza nilikuwa nimeshafundishwa. Mimba ikiwa na miezi mitano, nesi wa zahanati yetu alipima mkojo wangu, akakuta maambukizi, akaniandikia antibiotiki. Nikamuuliza, nikiwa nimeshika tumbo kama mtu aliyebeba mayai, "Haitamdhuru mtoto?" Nesi yule ni mwanamke wa Tarime aliyehamishiwa huku, hajui kunong'ona. Akasema, na benchi zima la wajawazito likasikia, "Kitakachomdhuru ni hayo maambukizi ukiyaacha yapande kwenye figo. Kuna dawa siwezi kumpa mjamzito hata anipigie magoti, ndiyo maana naandika mimi, huandiki wewe. Hii nimekuchagulia nikijua una mimba. Meza, maliza."

Nikameza, nikamaliza, mtoto akazaliwa na kilo zake na sauti yake. Nyumbani hakuna aliyesema neno kwa sababu hakuna aliyejua. Mkojo hauna kituo cha kukusanyia.

Titi lina watu wake. Asubuhi moja ya Jumatatu la kushoto liliamka jekundu, gumu, limewaka moto, na mimi natetemeka kwa homa chini ya mablanketi mawili, ukungu umeshuka mpaka dirishani. Nikapanda bodaboda nikiwa nimeuma meno kwa kila shimo la barabarani. Nesi akaangalia, akaandika dawa ya siku saba, akasema kwa ile sauti yake, "Unaendelea kunyonyesha. Hasa hilo hilo linalouma. Mtoto ndiye atakayelizibua, dawa inamsaidia yeye." Niliitikia kwa kichwa. Nilisikia kila neno. Nilitoka nalo zahanati nikiwa nimelishika vizuri kabisa, na nikafika nalo hadi kwenye uzio wa migomba yetu.

Mama mkwe alikuwa kwetu kila siku tangu nijifungue. Kwake ni jirani, migomba yake na yetu inapakana, akishakamua anavuka na kuja kunipikia, kuniogeshea mtoto na kunikosoa. Siku ile aliona pakiti mkononi mwangu.

"Dawa ya nini, mwalimu?" Akiniita mwalimu najua kuna jambo.

"Ya titi, mama. Limevimba."

Akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akasoma jina herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Kisha akatoka bila kuaga, akakatiza migombani kwenda bandani kwake, akarudi na tyubu tupu ya dawa ya ng'ombe. Akaziweka mezani, pakiti na tyubu, bega kwa bega. Majina yalikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Hii ndiyo aliyowekewa ng'ombe wangu," akasema. Kiswahili chake hakina zedi. "Masiwa yake yakamwagwa. Ya ng'ombe yamwagwe, ya mwalimu anywe mjukuu wangu?"

Jioni mume wangu alipofika hakupewa hata nafasi ya kuvua gambuti. Mama alikuwa amekaa katikati ya sebule, mtoto mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoo alimwambia mwanawe neno bila kunipitishia mimi. Neno lenyewe lilikuwa, "Baba, sheria ni sheria?"

Nikamtazama mume wangu. Hapo ndipo mwanamume angesema ng'ombe ni ng'ombe na mke wangu ni mke wangu, tukala chakula. Lakini nikamwona anafikiria foleni. Aliwaza, najua aliwaza kwa sababu alikuja kukiri, kwamba kesho akinamama watauliza kwa nini ndoo zao zinarudishwa na maziwa ya mkewe yanapitishwa. Akakohoa. Akasema, "Kitaalamu, kuna muda wa kusubiri."

Tangu siku ile nikisikia mtu anaanza sentensi na neno kitaalamu, natafuta mlango.

Na mimi je? Mimi mwenye shahada, ninayechora ubaoni mzunguko wa damu kwa chaki za rangi tatu, nilifyata mkia. Nilikuwa na homa, nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, na nilikuwa naogopa. Sina maelezo mengine. Niliingia kwenye kundi la WhatsApp la walimu wanawake kuuliza, na ndani ya dakika kumi nikapata majibu ya kila aina: mmoja nyonyesha, mmoja usithubutu, mmoja nyonyesha la kulia tu, mmoja nipake jani la kabichi, na mwalimu wa Jiografia akanitumia sauti ya dakika sita iliyoishia kwenye maombi. Niliposikiliza maombi hadi mwisho nilikuwa nimeshaamua kutii nyumba.

Hesabu ikafanywa. Mume wangu ndiye aliyeifanya, kwa kidole hewani. Siku saba za dawa, na siku nne za kusubiri kama za ng'ombe, jumla kumi na moja. Siku kumi na moja mtoto wa wiki sita asiguse titi la mama yake. Tulikubaliana kwa utulivu mkubwa, watu watatu wazima, wawili kati yetu wamesoma.

Kesho yake asubuhi nikakuta mlango wa chumba changu umefungwa kitambaa chekundu kwenye komeo. Kipande cha kanga kuukuu. "Usije ukasahau ukampa," mama mkwe akasema, wala hakuwa anatania. Nilicheka, nikidhani nitaacha kucheka akitoka. Akatoka, nikajikuta nalia.

Kazi ya kukamua nikaifanya mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni, kwa vidole, kwenye kikombe cha bati, kila tone likitoka na machozi yake. Mama mkwe alipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaenda kumwagia shina la mgomba nyuma ya jiko, mahali pasipokanyagwa na mtu. Alisema maziwa ya mama hayamwagwi njiani. Mgomba ule ulinyonya vizuri sana wiki ile, na mkungu wake ulipokuja kukatwa ulikuwa mnene. Sikuula.

Kikombe kimoja kilipotea. Nilikitafuta, nikaambiwa mume wangu amekipitia wakati anakwenda kazini. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu mwenye taarifa. "Nimepima," akasema. "Hayana maji."

"Nashukuru," nikasema. Laktomita inapima maji, haiioni dawa kabisa, na hakuna mtu Rungwe nzima anayelijua hilo kuliko yeye. Lakini mwanamume akishika chombo mkononi anajisikia anafanya kitu.

Mtoto alikataa chupa siku nzima. Alikuwa akigeuza shingo kunitafuta, anasikia harufu yangu, anafungua mdomo hewani. Ilibidi nitoke chumbani ili amkubalie bibi yake. Nilikaa kwenye ngazi za jiko, nguo kifuani imelowa, nikimsikiliza analia mpaka kilio kikawa kikohozi, halafu kimya, halafu sauti ya kunyonya mpira. Mama mkwe alitoka na chupa tupu akitabasamu. Alisema wiki ile hapeleki hata tone kituoni, maziwa yote ya ng'ombe wake ni ya mjukuu. Nikamshukuru. "Ndaga fijo, mama," nikamwambia kwa lugha yake, na nilimaanisha kila herufi.

Siku ya tatu nikafanya ujinga wangu mwenyewe, ambao siwezi kumsingizia mtu. Niliona kadiri ninavyomeza dawa ndivyo siku za kusubiri zinavyosogea mbele, basi nikiacha kumeza leo, zinaanza kuhesabiwa leo. Nikaficha vidonge ndani ya kitabu cha baiolojia cha kidato cha tatu. Kwa hiyo kufikia Jumatano jioni nilikuwa mama wa ajabu: simezi dawa na sinyonyeshi. Hasara zote mbili nilikuwa nazo mimi. Titi likawa jiwe.

Alhamisi mtoto akaharisha. Mara ya kwanza tukasema ni kawaida. Mara ya nne mama mkwe akasema meno, kwa mtoto wa wiki sita. Kufikia asubuhi ya Ijumaa hakuwa akilia tena, alikuwa anaguna tu kama mzee anayesumbuliwa usingizini, na nilipompapasa kichwa utosi ulikuwa umebonyea, kidole changu kikazama. Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baada. Sikumbuki nilivyovaa. Nakumbuka nimepakata mtoto kwenye bodaboda, mama mkwe nyuma yangu amenishikilia mgongo kwa mkono wake, na matope yanaruka.

Nesi alimpokea bila kunitazama. Alimpapasa, akambana ngozi ya tumbo, akamwangalia macho. Akaanza kumpa maji ya dawa ya kuharisha kwa kijiko, tone kwa tone. Kisha, akiwa bado hajanitazama, akauliza, "Ananyonya mara ngapi?"

Nilimfuta mtoto mdomo.

"Mwalimu. Mara ngapi?"

"Nilimwachisha. Kwa ajili ya dawa."

Sasa akanitazama. "Nilikwambia uache?"

"Hapana."

"Nani alikwambia?"

Benchi lilikuwa limejaa. Wajawazito wawili nilikuwa nimewafundisha. Nikatafuta jibu lenye heshima, sikulipata, maana jibu la kweli lilikuwa ni ng'ombe. Mama mkwe akanisaidia. Akasimama, akaeleza yote kwa kujiamini, kiwele, tyubu, majina yanayofanana, kituo, siku nne. Alieleza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Alipomaliza nesi alimpa mtoto kijiko kingine, akamgeukia.

"Mama," akasema, "ya ng'ombe yanamwagwa kwa sababu yanachanganywa kwenye pipa moja, yanakwenda kwa watu tusiowajua, yumo mwenye mzio, na kiwandani maziwa yenye dawa hayagandi kuwa mtindi. Huyu mkweo ana mteja mmoja. Mteja mwenyewe namjua, nilimpokea mimi. Dawa inayopita kwenye maziwa ya mama ni kidogo sana, na hii niliyoandika hata mtoto mwenyewe akiugua tunampa. Labda choo kingelainika kidogo, basi. Lakini chupa, na maji, na maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa umri huu? Hicho ndicho kimemfikisha hapa." Kisha akanigeukia. "Na wewe dawa umemeza?"

Nikamwambia ziko ndani ya kitabu. Hakuuliza kitabu gani, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Akaniketisha, akanifungua gauni kama anavyotandua kitanda cha wodi, akamweka mtoto kwenye titi la kushoto. Nilidhani hatalikumbuka. Alizungusha mdomo, akakosa, akakosa tena, kisha akashika. Yalikuwa maumivu ambayo sijawahi kuyapata hata leba. Nilipiga kelele, wajawazito wakashika matumbo yao. Mtoto hakuacha. Nilimsikia anameza, kwa nguvu, moja, mbili, na nikalia mbele ya wanafunzi wangu bila kujifuta. Nesi akasema titi lilikuwa limebakiza kidogo litunge usaha tulipasue. Akasema pia, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba mwenye mimba au anayenyonyesha asinunue vidonge vya rangi mbili dukani kwa kubahatisha, na aliyeandikiwa dawa na mtu anayejua hali yake asiifiche. Alituzuia hapo mpaka alasiri, mtoto alipokojoa. Mkojo ule ulinilowesha paja na nikaufurahia.

Mama mkwe hakusema neno tangu nesi alipotaja pipa na dawa. Nilidhani ameudhika. Njia nzima kwenye bodaboda mkono wake mgongoni pangu haukushika kama asubuhi.

Tulipofika mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, koti jeupe hajalivua. Nikampa mtoto, nikaenda moja kwa moja kwenye komeo na kufungua kile kitambaa. Kilikuwa kimekazwa, nikatumia meno. Kilinuka zizi. Ndani ya fundo kulikuwa na nywele fupi, ngumu, za ng'ombe, za rangi ya udongo.

Mume wangu akazitazama. Mtu anayekamata wakosaji kwa kazi hahitaji kuelezwa sana. "Mama," akasema, taratibu sana kwake, "ng'ombe alitiwa dawa lini?"

Mama mkwe alikuwa anatazama gambuti za mwanawe. "Jumapili," akasema.

Jumapili, siku moja kabla yangu. Kiwele kilikuwa kimerudi, bwana mifugo alikuwa amepita, siku nne zilikuwa zinahesabiwa pande mbili za migomba ile ile na hakuna aliyejua ila yeye. Hakutaka kurudishwa tena mbele ya foleni, basi hakwenda kituoni. Na maziwa hakuweza kuyamwaga, ndoo nzima kila siku, yeye aliyemkatia ng'ombe yule majani kwenye mvua. Akampa mjukuu. Mtoto wangu alikuwa amekingwa na dawa ya mama yake kwa siku nne kwa kunyweshwa ya ng'ombe.

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, mengine ya Kinyaturu, ambayo wasingeyaelewa. Nilishika kitambaa nikamwonyesha. "Na hiki ulikitoa kwenye pembe?"

"Kilikuwa kimoja tu," akasema, na ndipo akaanza kulia.

Sikumkumbatia. Nilikuwa nimekasirika, na hasira ilikuwa haki yangu. Lakini nilijua pia kwamba yeye hakuwahi kukaa darasani kuambiwa tofauti, na mimi niliambiwa mara mbili, ana kwa ana, na mtu asiyejua kunong'ona. Nikavuka migomba mpaka bandani. Ng'ombe alikuwa anatafuna. Nikamfunga kitambaa chake kwenye pembe, mafundo mawili, akatikisa kichwa mara moja akaendelea na yake.

Niliporudi nilichukua kitabu cha kidato cha tatu, nikatoa vidonge vilivyobaki, nikaja kukaa kwenye ngazi za jiko mbele yao wote wawili. Nikameza kimoja kwa maji. Kisha nikanyoosha mikono, mume wangu akanipa mtoto, nikampa titi la kushoto. Laktomita ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa koti lake. Akaona naitazama, akaisukuma ndani.